Upepo wa Ndungu: Namna ya Kuusoma Utabiri Wake

Katika kijiji cha Ndungu, wilayani Same, mkulima wa mpunga anayetaka kupiga dawa shambani huamka kabla ya jua. Siku hizi, kabla hajajitwika bomba mgongoni, huweza kutazama utabiri wa hali ya hewa katika simu yake ya mkononi. Tuseme simu yamwambia kwamba saa moja asubuhi upepo utavuma kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilometa 14 kwa saa. Atokapo nje, huona moshi wa jiko la jirani ukijivuta polepole kuelekea nyikani, upande wa mashariki, kana kwamba upepo watoka mlimani. Majani ya migomba hayatikisiki. Je, utabiri umesema uongo?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Tone la dawa lenye kipenyo cha sehemu mbili za kumi za milimeta huanguka kwa kasi ya karibu sentimeta 70 kwa sekunde. Likitoka kwenye mdomo wa bomba ulioinuliwa meta moja, litagusa majani baada ya sekunde moja na nusu hivi. Lakini tone dogo zaidi, lenye kipenyo cha sehemu tano za mia za milimeta, huanguka kwa sentimeta saba tu kwa sekunde. Katika upepo wa kilometa 10 kwa saa, tone kubwa litasogea meta nne hivi, na tone dogo litasafiri meta 35 au zaidi kabla ya kutua. Meta 35 ni mbali: huweza kuwa jaruba la mtu mwingine, bustani ya mboga, mzinga wa nyuki au mfereji ambamo watu huteka maji. Kwa hiyo mwenye bomba yampasa ajue upepo uliopo na upepo utakaokuja baada ya saa mbili.

Jibu la swali lake ni kwamba simu na moshi vyote viwili huenda vimesema kweli. Vimezungumzia pepo mbili tofauti.

Tarakimu ya utabiri ni ya nini

Utabiri usemapo kilometa 14 kwa saa, husema habari za hewa iliyo meta 10 juu ya ardhi iliyo wazi, nayo ni wastani wa dakika 10. Huo ndio utaratibu uliokubaliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ili vituo vyote viweze kulinganishwa. Mtu aliyesimama shambani hayupo meta 10 juu. Karibu na ardhi upepo hukwaruzwa na nyasi, miti na nyumba, ukapungua. Wataalamu wa umwagiliaji wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika kanuni zao za mwaka 1998 za kukadiria maji yanayopotea shambani, huizidisha kasi ya meta 10 kwa robo tatu ili wapate kasi ya meta 2 juu ya majani mafupi. Kilometa 14 hugeuka kuwa kumi na nusu. Ndani ya mpunga wenyewe hupungua tena.

Wastani nao huficha mambo. Upepo wa wastani wa kilometa 20 huweza kuwa na mivumo ya ghafla ya kilometa 35, na mvumo huo ndio ung'oao bati. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Mwalimu wa fizikia anaweza kuionyesha hesabu hii ubaoni. Uzito wa hewa ni karibu kilo 1.2 kwa kila meta ya ujazo. Upepo wa meta 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, husukuma kila meta ya mraba kwa nguvu ya newton 60. Bati lenye urefu wa meta 3 na upana wa sentimeta 80 litasukumwa kwa newton 144, sawa na uzito wa kilo 15 hivi. Upepo ukifika kilometa 72 kwa saa, bati lile lile litasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 59.

Jambo jingine ni dogo lakini limewakosesha wengi. Upepo hutajwa kwa mahali utokako. Upepo wa kusini mashariki huenda kaskazini magharibi. Mishale ya baadhi ya ramani za simu huelekea utokako upepo, na ya nyingine huelekea uendako. Njia ya kujua ni kuangalia jina lililoandikwa, si mshale.

Kijiji kati ya milima miwili

Ndungu iko chini ya milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, kiasi cha meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake, magharibi, milima hupanda hadi kilele cha Shengena chenye meta 2,462. Mbele yake, kaskazini na mashariki, nyika hutandaa kupitia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi hadi Tsavo nchini Kenya. Na upande wa kusini mashariki, mwendo wa kilometa zisizozidi 30, husimama ukuta wa milima ya Usambara Magharibi pale Mtae. Kati ya Upare na Usambara kuna bonde la mto Mkomazi, ambalo ni kama mlango mwembamba unaopita Kihurio na Bendera kuelekea Pangani.

Mwenye kuisoma ramani hii vizuri amekwisha kujua nusu ya habari za upepo wa Ndungu. Pepo kubwa za Afrika Mashariki ni mbili, kusi na kaskazi, na mabaharia wa pwani wamezitegemea tangu kale. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika zamu baada yake, ikavuma kutoka kusini mashariki hadi Septemba au Oktoba. Kati ya zamu hizo pepo hulegea na kugeukageuka, na ndipo zijapo mvua za masika na za vuli.

Kwa mtu wa Tanga kusi na kaskazi hutofautiana kwa upande zinakotoka. Kwa mtu wa Ndungu tofauti ni kubwa zaidi, maana milima haizipokei sawasawa. Wakati wa kaskazi hakuna kizuizi kikubwa mbele ya kijiji; upepo huja ukitambaa nyikani hadi ukajigonga kwenye milima ya Upare. Wakati wa kusi Usambara husimama njiani. Hewa itokayo baharini hupanda milima hiyo kwa upande wa pwani, hupoa, mvuke wake hugeuka mawingu na mvua, kisha hushuka upande wa pili ikiwa imepungukiwa na maji. Ndiyo sababu nyika ya Mkomazi ni kavu ingawa bahari haiko mbali.

Mshuko huo una hesabu yake. Hewa yenye mawingu ipandapo hupoteza joto la nyuzi 5 au 6 za sentigredi kwa kila meta 1,000. Hewa kavu ishukapo hupata nyuzi 10 kwa kila meta 1,000. Hivyo hewa iliyopanda meta 1,000 ndani ya mawingu na kushuka meta 1,000 bila mawingu hufika chini ikiwa na joto zaidi, kwa nyuzi 4 au 5, kuliko ilivyokuwa kabla ya kupanda. Wakazi wa milima ya Alps barani Ulaya huufahamu sana upepo wa namna hii, nao wameupa jina lake maalumu, Föhn. Kwa mwenye mpunga jambo hili lina uzito. Mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa serikali ya Japani, una hekta 680 zinazotegemea maji ya mto Yongoma. Upepo mkavu hunyonya maji ya majaruba haraka kuliko upepo mnyevu wenye kasi ile ile. Tena mpunga hufungua maua yake kwa saa chache tu, aghalabu kabla ya saa sita mchana, na joto lipitalo nyuzi 35 wakati huo huharibu chavua, masuke yakabaki mapepe. Mtu anayesoma kasi ya upepo peke yake, asiangalie upande utokako wala unyevu wake, amesoma nusu ya utabiri.

Pepo mbili kwa siku moja

Sasa yafaa kurudi kwa yule mkulima na moshi wa jirani yake.

Usiku usio na mawingu miteremko ya milima hupoteza joto upesi. Hewa iligusayo jabali hupoa, ikawa nzito, ikaanza kuteremka kama maji yafuatavyo mkondo. Ndungu, kama kila kijiji kilicho chini ya mlima mrefu, huletewa hewa hiyo kabla ya mapambazuko. Haina nguvu nyingi, nayo hutoka magharibi hata kama kusi au kaskazi inavuma juu yake. Mchana mambo hugeuka: jua huichoma miteremko, hewa yake hupanda, na hewa ya nyikani huvutwa kuifuata.

Lakini kuna sababu ya pili, na pengine ndiyo iliyo na nguvu zaidi. Hewa baridi ikilala chini usiku, hewa yenye joto zaidi hubaki juu yake kama kifuniko. Upepo mkubwa huteleza juu ya kifuniko hicho, mbali na vizuizi vya ardhi, nao huongezeka kasi. Mwaka 1969 John Findlater, mtaalamu wa Uingereza wa elimu ya hali ya hewa, alichapisha maelezo ya mkondo wa upepo mkali unaopita juu ya nyika za mashariki mwa Kenya katika miezi ya kusi, kiasi cha kilometa moja na nusu juu, ukielekea Somalia na hatimaye Bara Hindi. Mkondo huo huwa na nguvu zaidi karibu na alfajiri, wakati ambapo mtu aliye chini husema hakuna upepo.

Jua lipandapo, ardhi hupata joto, hewa ya chini huanza kuchemka na kuchanganyika na ya juu, na kifuniko huvunjika. Hapo upepo wa juu huteremshwa hadi ardhini. Ndiyo maana upepo wa nyikani huamka kwa ghafla, si kidogo kidogo. Saa mbili moshi husimama wima, na saa nne vumbi latimka barabarani.

Hivyo simu haikukosea sana iliposema kusini mashariki. Ilieleza upepo mkubwa, ambao asubuhi ile ulikuwa juu ya kifuniko. Mkulima alisimama chini yake. Mchana wa miezi ya kaskazi hitilafu huweza kuwa ya kinyume: upepo mkubwa na upepo upandao mlimani huelekea karibu upande mmoja, hivyo jumla yao hupita tarakimu ya utabiri.

Mraba wa kompyuta

Kwa nini kompyuta isiuone mlima? Huuona, lakini kwa macho mabovu. Utabiri wa kisasa hupatikana kwa kuigawa hewa yote ya dunia katika miraba na kukokotoa mabadiliko ya kila mraba. Mtu wa kwanza kujaribu kazi hiyo, Lewis Fry Richardson wa Uingereza, alikokotoa kwa mkono utabiri wa saa sita tu kwa sehemu ya Ulaya. Kazi ilimchukua wiki kadhaa na jibu likawa na kosa kubwa, naye alikuwa na ujasiri wa kulichapisha hivyo hivyo mwaka 1922. Leo kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa dunia nzima mara kadhaa kwa siku. Utabiri wa Marekani unaotumiwa na programu nyingi za simu hutolewa kwa miraba yenye upana wa kilometa 28 hivi. Ule wa kituo cha Ulaya hutumia miraba ya kilometa 9.

Mraba wa kilometa 28 uliowekwa juu ya Ndungu huweza kuchukua majaruba, kilele cha Shengena na kipande cha nyika kwa pamoja. Kompyuta hupewa wastani wa urefu wa ardhi hiyo yote. Genge la karibu meta 2,000 hugeuka kuwa kilima kilicholala. Kisha simu hukisia tarakimu ya Ndungu kutokana na miraba ya jirani, ikaiandika na nukta na desimali. Desimali hiyo haina thamani yoyote.

Katika nchi za baridi mtabiri ana msaada ambao Ndungu hauna. Mholanzi Buys Ballot alieleza mwaka 1857 kwamba upepo huufuata mstari wa mgandamizo wa hewa ulio sawa, hivyo mwenye ramani ya mgandamizo anao upepo mkononi. Kanuni hiyo hutegemea nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo hupungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta. London nguvu hiyo ni mara kumi ya ile ya Ndungu, iliyo kwenye digrii 4 na kitu kusini mwa ikweta. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kuthibitisha kwa kugawanya sini ya 51.5 kwa sini ya 4.4.

Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo yana mipaka yake, isiyotokana na uzembe. Upepo unaotajwa kwa kasi na upande katika utabiri wa kila siku ni hasa wa pwani, kwa ajili ya vyombo vya baharini. Mkoa wa Kilimanjaro huwekwa pamoja na Arusha na Manyara katika nyanda za juu kaskazini mashariki, ilhali Ndungu, kwa hewa yake, haiko juu hata kidogo. Kituo cha hali ya hewa cha Same kiko wilaya hiyo hiyo, lakini ng'ambo ya pili ya milima. Katika miezi ya kaskazi, kituo cha Voi nchini Kenya, kilicho kiasi cha kilometa 120 kutoka Ndungu, kimesimama kwenye nyika ile ile isiyo na ukuta katikati. Taarifa yake ya asubuhi huweza kumfaa mtu wa Ndungu kuliko ya makao makuu ya wilaya yake. Mipaka ya utawala haikuchorwa kwa ajili ya upepo.

Daftari la shule

Kilichokosekana ni kipimo cha mahali penyewe, na hicho hakihitaji fedha nyingi. Shule ya sekondari yoyote iliyo chini ya milima hii, kuanzia Kisiwani na Maore hadi Kihurio, inaweza kuanzisha daftari la upepo. Mlingoti wenye kitambaa chepesi huonyesha upande. Kasi hukadiriwa kwa vipimo ambavyo asili yake ni kazi ya Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ya miaka ya 1805 na 1806, na ambavyo baadaye vilirekebishwa kwa matumizi ya nchi kavu. Majani yakichezacheza tu, kasi ni kilometa 6 hadi 11 kwa saa. Majani na vitawi vikitikisika bila kukoma, 12 hadi 19. Vumbi na karatasi zikiinuka, 20 hadi 28. Miti midogo ikiyumba, 29 hadi 38.

Saa za kuandika ziwe zile zile kila siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita na saa tisa. Kando ya kila kipimo iandikwe tarakimu ya utabiri wa saa hiyo, kama ilivyosomwa jana yake jioni. Ni muhimu isiandikwe baada ya kuona upepo, maana jicho la mtu hupenda kukubaliana na alichokwisha kukisoma. Programu nyingine huonyesha saa za Greenwich, hivyo ziongezwe saa tatu. Baada ya miezi mitatu wanafunzi watafute tofauti ya wastani kwa kila saa peke yake. Wakichanganya asubuhi na mchana, makosa mawili yaliyo kinyume yatafutana na utabiri utaonekana mwema kuliko ulivyo. Hesabu za kaskazi zisichanganywe na za kusi kwa sababu hiyo hiyo.

Tofauti hizo zikipatikana, mkulima anaweza kuzitumia hata kama hajui habari za kifuniko wala za Findlater. Yule aliyeamka kabla ya jua angedhani kwamba saa ya utulivu kamili ndiyo bora kwa kupiga dawa. Sivyo. Chini ya hewa baridi matone madogo hayapandi wala hayatawanyiki. Huelea kama ukungu, kisha huondoka kwa pamoja na hewa iteremkayo kutoka mlimani, na Ndungu upande huo ni wa majaruba na mifereji. Afadhali angoje jua lipate nguvu, moshi wa jirani uache kujivuta chini na uanze kupanda, na majani yaanze kuchezacheza kwa upande mmoja usiobadilika. Muda huo ni mfupi, huenda usizidi saa moja na nusu, maana upepo wa juu u njiani kuteremka. Daftari litamwambia kama katika mwezi ule aghalabu hufika saa tatu au saa nne.